Rihani, mtamba mwoga: shajara ya maandalizi hadi kukamua

Mwishoni mwa Juni, Wete, Pemba

Mnyama ni mtamba, yaani jike ambaye hajazaa bado, chotara wa Jersey, ng'ombe wa maziwa wa Ulaya, na ng'ombe wetu wa nundu, rangi ya kahawia, pembe fupi. Anaitwa Rihani. Kadi aliyokuja nayo kutoka Unguja inasema alihimilishwa, yaani alitiwa mbegu za dume na mtaalamu, tarehe 12 Disemba. Daktari wa mifugo wa huku kampima kwa mkono, kasema mimba ipo na inakwenda na tarehe. Ng'ombe hubeba siku 280 na kidogo. Nikihesabu 283 naangukia tarehe 21 Septemba, wiki moja mbele au nyuma si ajabu. Kusi itakuwa inaishia, vuli haijaanza, na mwaka huu mikarafuu imezaa. Yaani siku hizo kila mwenye mikono miwili atakuwa juu ya mti au kwenye jamvi. Msaada wa watu nisiutegemee.

Kazi yenyewe si mimba, ni woga. Rihani si mkali. Ng'ombe mkali hukufuata; mwoga hutafuta pa kutokea, na akipakosa ndipo mguu unaporuka. Alivushwa kwa chombo akiwa na mimba changa, akateremshwa kwa makelele na fimbo, na tangu siku hiyo mtu akimtokea kwa nyuma anajirusha mpaka kamba inamkaba. Pampu ya kupulizia dawa ya kupe ndiyo adui yake mkubwa. Na kupulizia hatuwezi kuacha. Huko alikotoka mbung'o walitesa ng'ombe kwa miaka mingi, mpaka wakamalizwa kwa kuachiwa madume waliotiwa utasa kwa mionzi, na Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o mwaka 1997. Kwetu Pemba mdudu huyo hakuwapo. Lakini kupe wapo visiwa vyote viwili, na ndigana kali wanayoieneza humwangusha chotara haraka kuliko ng'ombe wa asili.

Kukamua nitakamua mimi. Kwa hiyo kanuni ya mradi huu nimeiandika kwa chaki kwenye mlango wa banda: kila kitakachomfika siku ya kwanza ya kukamuliwa kiwe kimeshamfika kabla, kidogo kidogo, akiwa hana maumivu.

Hili si suala la huruma tu. Maziwa hayateremki kwa nguvu za vidole. Kiwele kikiguswa, ubongo hutoa homoni iitwayo oksitosini, nayo ndiyo inayobana vifuko vya maziwa mpaka yashuke kwenye chuchu. Huchukua kama dakika moja kuanza, na nguvu yake hudumu dakika chache. Ng'ombe aliyeshtuka hutoa adrenalini, na hiyo huifungia njia oksitosini. Utapata kile kilichokuwa tayari chini, cha juu kitabaki juu, na kiwele kinachoachwa na maziwa kila siku hakikawii kuugua.

Julai, wiki ya mwanzo

Wiki hii sikumgusa. Namletea majani, naweka horini, nakaa kwenye kigoda hatua kadhaa kutoka kwake nikimenya muhogo. Mume wangu kaniuliza huo ndio mradi? Nikamwambia ndio huo.

Niliyoyaona nikiwa nimekaa: Rihani hanitazami kwa macho kama anavyonitazama kwa masikio. Jirani yetu mzee, ambaye ujanani alikuwa akicheza ng'ombe, kanipa somo lake hapo hapo penye ua. Mchezo wa ng'ombe hapa Pemba, unaosemekana kuachwa na Wareno, si wa kumuua fahali. Ni wa kumchokoza na kumkwepa, kwa ngoma na zumari. Anayecheza asipojua kumsoma ng'ombe atajua hospitali. "Mwanangu," kaniambia, "pembe hazisemi kitu. Tazama sikio. Likilala nyuma, ondoka. Likikugeukia peke yake na mwili umetulia, huyo anakusikiliza." Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa mchezo ule: yote tuliyokuwa tukiyafanya kumtia fahali wazimu, wewe yageuze. Sisi tukija kwa mbele kwa ghafla, wewe njoo kwa ubavu. Sisi tukipunga kitambaa, wewe kifunge.

Hili la kitambaa limenigusa moja kwa moja. Kanga yangu. Upepo wa kusi ukiipeperusha, Rihani anaruka. Tangu leo naingia bandani nimepiga kibwebwe, ncha zote zimebanwa.

Na la ubavu lina maelezo yake. Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa pale nyuma ya mkia. Ukisimama hapo hakuoni, anakusikia tu. Ukisimama usawa wa bega anakuona vizuri na hana haja ya kugeuka. Nimechagua upande wa kulia kuwa upande wangu, kwa sababu ndio nitakaokamulia, na nitakuwa natokea huko huko siku zote.

Julai, katikati

Kibanio, kile kizimba chembamba cha kumsimamishia ng'ombe wakati wa kukamua, kimesimama. Nguzo za mvinje, mbili mbele kwa ajili ya shingo, na boriti za ubavuni. Upana ni sentimita 75 hivi, urefu mita mbili. Kikiwa kipana zaidi ng'ombe hujaribu kugeuka na akishindwa hutaharuki. Kikiwa chembamba hagombei kuingia, anakataa kabisa. Ubavu wa kulia boriti ya chini inaweza kuchomolewa ili mkono upite. Mbele kuna hori.

Fundi alitaka sakafu ya saruji iliyolainishwa vizuri, ya kujivunia. Nimekataa. Nimemwambia aikwaruze kwa ufagio wa chelewa ikiwa bado mbichi. Ng'ombe mwoga akiteleza mahali mara moja, mahali pale anapakumbuka kuliko anavyokukumbuka wewe.

Kumwingiza: hatukumvuta. Kibanio kiliachwa wazi mbele na nyuma, chakula kizuri kikawekwa humo tu, cha kawaida kikabaki nje. Siku za kwanza alinyoosha shingo, akachota, akarudi kinyumenyume. Halafu miguu ya mbele. Halafu mzima. Mlango wa nyuma sikuufunga mpaka nilipomwona anacheua akiwa ndani. Ng'ombe anayecheua hana hofu, hiyo ni ishara isiyodanganya.

Mwisho wa Julai

Mkono. Hapa ndipo penye ufundi, na ndipo watu wengi wanapokosana na mitamba yao, kwa hiyo nitaandika kwa urefu.

Naanzia begani, kwa kiganja kizima kilichotulia. Kumgusagusa kwa ncha za vidole kunamwasha, anadhani ni nzi. Kutoka begani nateremka mgongoni, naenda mpaka nyongani, narudi. Nikiona ngozi imeacha kutetemeka naongeza: ubavu, tumbo, paja kwa nje, paja kwa ndani. Natumia brashi ya makumbi kwa sababu ananyoosha shingo akikwaruzwa nayo, raha imemshinda.

Siku nilipofika paja la ndani alirusha mguu. Kila mtu husema ng'ombe akirusha mguu toa mkono haraka. Kwa usalama ni kweli, kwa mafunzo ni kinyume. Ukitoa mkono aliporusha, kajifunza kwamba teke hufukuza mkono, na kesho atarusha mapema zaidi. Ninachofanya ni kusimama karibu naye kabisa, bega langu limegusa ubavu wake, mbele kidogo ya paja. Hapo teke halina nafasi ya kupata nguvu. Anayeumia ni yule aliyesimama hatua moja nyuma. Mkono wangu unabaki palepale, mgongo wa mkono badala ya kiganja, unakwenda na mguu ukipanda, unashuka nao ukishuka. Anapotulia, hata kwa pumzi moja, ndipo nautoa na kumpa machicha kidogo. Yaani mkono unaondoka kwa utulivu, hauondoki kwa teke.

Mzee alishauri nimfunge miguu ya nyuma kwa kamba ya usumba tumalize mambo. Sijaikataa kamba moja kwa moja, nimeitundika ukutani. Nina wasiwasi wa kumfundisha kwamba kukamuliwa ni kufungwa. Kuna njia ya kati: mtu wa pili anaunyanyua mkia wima kutoka kwenye shina, polepole, na ng'ombe hawezi kupiga vizuri mkia ukiwa hivyo. Nimejaribu na mdogo wangu wa kike. Inafanya kazi, ila isikazwe mpaka mkia ukaumia.

Agosti

Chakula. Mtoto hukua zaidi miezi hii miwili ya mwisho kuliko mingine yote iliyotangulia, na kiwele nacho kinajengwa sasa. Lakini mtamba akinenepa kupita kiasi, mafuta hujaa kwenye njia ya uzazi na ndama hupita kwa taabu. Nataka mbavu zisionekane ila zishikike ukipapasa.

Anakula majani ya tembo yaliyokatwakatwa, mabua ya mahindi, na majani ya mfenesi ambayo anayapenda bila sababu ninayoijua. Gilirisidia, mti wa malisho ulio kwenye ua, naikata leo, namlisha kesho ikiwa imenyauka, maana mbichi anaikataa kwa harufu. Nyongeza ni pumba na mashudu, na machicha ya nazi ya jikoni yakiwa ya siku hiyo hiyo, yakilala yanachacha. Nyongeza hii nilianza kwa kilo moja kwa siku na nitapandisha taratibu mpaka mbili na ushei karibu na kuzaa, ili tumbo lake lisishtuke atakapoanza kulishwa kwa ajili ya maziwa. Maji lita 40 au zaidi kwa joto letu. Jiwe la madini linaning'inia ukutani.

Na kila chakula cha nyongeza kinaliwa kwenye kibanio, saa zile zile: baada ya sala ya Alfajiri, na baada ya Alasiri. Hizo ndizo zitakazokuwa saa za kukamua.

Pampu nayo imepata tiba yake. Niliijaza maji matupu, nikaipiga mbali kwenye mgomba, Rihani anakula. Siku zilizofuata nikasogea. Juzi maji yalimfika mguuni, akatikisa ngozi, akaendelea na horini. Dawa yenyewe tumepiga wiki hii, nikasoma kibandiko mara mbili kuona inasemaje juu ya mnyama mwenye mimba na juu ya maziwa.

Mwisho wa Agosti

Kiwele kinajaa. Mitamba hutangulia, ng'ombe mzoefu hujaza siku za mwisho, mtamba huanza wiki kadhaa kabla.

Sasa namnawisha. Maji ya vuguvugu kwenye ndoo, kitambaa safi, nafuta kiwele kizima, kila chuchu, nakausha. Ndoo ninaiweka chini kwa kishindo kidogo makusudi, niiinue, niiweke tena. Nakaa kwenye kigoda kile kile. Namwita kwa sauti ile ile, "Taratibu, Rihani, simama," na wala sisemi maneno hayo mahali pengine.

Ninachojizuia nacho ni kukamua. Mama mkwe kaja, kaona chuchu zilivyojaa, kasema nimpunguzie. Nimemwambia, "Mama, tungoje." Kwenye tundu la chuchu kuna kizibo kama nta kinachozuia vijidudu kuingia. Ukikamua kabla ya kuzaa unakitoa kizibo hicho, na unamwaga dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, ambalo ndama ndiye mwenyewe. Kugusa ndiyo, kukamua hapana.

Septemba, siku za mwanzo

Mahali pa kuzalia: kona ya banda yenye upana wa kujigeuza, tumeisafisha, tumeikausha kwa chokaa na kutandika majani makavu. Nimetaka maranda ya fundi seremala, lakini maranda hujiganda kwenye ndama mbichi na kuziba pua. Majani ni bora.

Kwenye beseni lililofunikwa: iodini ya kitovu, sabuni, taulo kuukuu, kamba laini iliyochemshwa, tochi, chupa yenye chuchu ya mpira. Namba ya daktari imeandikwa ukutani kwa herufi kubwa, kwa sababu simu yangu huzima nikiihitaji.

Suala lililonichosha si ng'ombe, ni majirani. Habari zimeenea kwamba kuna ng'ombe wa Unguja anazaa. Mama mkwe kaniomba afukize ubani bandani kwa ajili ya baraka. Ubani sikukataa, nikamwomba aufukize tangu sasa ili harufu isiwe ngeni siku yenyewe. Nilichokataa ni watu. Ng'ombe anayezaa hujitenga, na akizungukwa na macho huweza kuusitisha uchungu akasubiri waondoke. Watakaoingia ni mimi na mdogo wangu, basi. Mzee wa mchezo atakaa nje ya ua, nimempa heshima ya kigoda.

Dalili ninazotazama: mashimo pande mbili za shina la mkia, pale mishipa inapolegea, uke kuvimba na kuning'inia, ute mzito unaovutika, chuchu kung'aa na kukaza. Joto la mwili, ambalo kwa kawaida ni nyuzi 38.5 hivi, hushuka kidogo siku ya mwisho. Nilikwisha mzoesha kipimajoto pamoja na kunyanyuliwa mkia, kwa hiyo hilo halina shida.

Septemba, usiku wa kuzaa

Jioni hakula. Kwa Rihani hilo ni tangazo. Mashimo ya mkia yalikuwa yanaingia ngumi. Alilala, akasimama, akajigeuza kutazama ubavu wake, akainua mkia akauacha juu. Mwanzo huu kwa mtamba huweza kuchukua saa nyingi kuliko kwa ng'ombe mzoefu, na kazi ya mtu hapo ni kukaa kimya.

Karibu na saa tano usiku chupa ilitokeza, ikapasuka. Nilitazama saa, maana kuanzia hapo saa ndiyo mwamuzi. Ikipita saa nzima bila kuona kinachosogea, anaitwa daktari, hakuna mjadala. Zikatokea kwato mbili, nyayo zimetazama chini, na nikiingiza mkono uliosafishwa nikagusa pua iliyolala juu ya miguu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nyayo zingekuwa zimetazama juu, ningejua ni miguu ya nyuma na ningepiga simu papo hapo.

Kichwa kilikuwa kizito kutoka. Mdogo wangu alishika kamba tayari, nikamwambia asivute. Tungevuta tu kama angechoka, tena pamoja na msukumo wake na kwa kuelekea chini. Hatukuhitaji. Kichwa kilipopita, mabega yakafuata, kisha ndama mzima kwa mkupuo mmoja.

Dume.

Nje ya ua nikasikia, "Alhamdulillahi, huyo wangu!" Mzee hakulala.

Tulifuta pua na mdomo, nikasugua kifua kwa majani makavu, akakohoa, akavuta pumzi. Kitovu nikakichovya kwenye iodini chote.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kanuni yangu ya mlangoni haikulihesabu. Rihani alisimama, akageuka, akaona kile kitu kilicholoa kinachotikisa kichwa, akaruka nyuma mpaka ukutani. Masikio yote mawili mbele, macho meupe. Nilimzoesha ndoo, kitambaa, pampu, kanga, mkono wangu, ubani wa mama mkwe. Ndama sikuweza kumzoesha. Ndama alijikokota kumfuata mama, naye Rihani akamsukuma kwa kichwa.

Hutokea kwa mitamba. Baadhi hawajui kwamba kitu kile kimetoka kwao. Tulimsogeza ndama pembeni mwa uzio, anaonekana ila hafikiki. Nikachota ute wa uzazi uliokuwa kwenye majani nikampaka Rihani puani na mdomoni, na juu ya mgongo wa ndama nikanyunyiza pumba na chumvi kidogo. Halafu nikafanya nilichokuwa nikifanya kila siku: nikamwita kibanioni. Akaenda. Usiku wa manane, ametoka kuzaa, anatetemeka, akaenda na kuweka kichwa mahali pake.

Nikamnawisha, nikakausha, nikakamua dang'a. Lilikuwa la manjano na zito, likiteleza polepole kwenye ukuta wa ndoo. Alinyanyua mguu mmoja, akaushusha. Ndama akanywa lita mbili kwa chupa ndani ya saa ya mwanzo na ushei, na tukampa tena kabla ya mapambazuko. Utumbo wake hupokea kinga ya dang'a vizuri saa sita za mwanzo, baada ya siku moja mlango umefungwa. Kusubiri mama akubali kungemgharimu ndama.

Alfajiri, niliporudi kutoka kusali, Rihani alikuwa ameingiza ulimi kati ya boriti analamba chumvi. Kisha akaendelea kulamba pasipokuwa na chumvi. Tuliondoa boriti.

Kondo la nyuma lilianguka lenyewe asubuhi. Lingepitisha nusu siku ningemjulisha daktari; kulivuta kwa mkono ni kuacha vipande ndani. Tulilizika haraka kabla mbwa hawajafika.

Siku zilizofuata

Kiwele kimevimba kwa maji, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Ni kawaida kwa uzazi wa kwanza, lakini kinauma, na teke la sasa si sawa na teke la Julai. La Julai lilikuwa la hofu, la sasa ni la maumivu, na dawa zake ni mbalimbali. Nakanda kwa kitambaa cha maji moto kuelekea juu, namtembeza kidogo jioni, chumvi nimepunguza. Kukamua napunguza nguvu: kidole gumba na cha shahada vinaziba juu ya chuchu, vingine vinafuata kwa mpangilio kubana. Kuvuta chuchu chini ni kumuumiza bure.

Michirizi ya kwanza kutoka kila chuchu naitoa kwenye kikombe cheusi kabla ya kukamua, nione kama kuna vibonge au maji maji. Hadi sasa ni safi. Baada ya kukamua nachovya chuchu kwenye dawa, kisha anapata majani freshi ili asilale upesi; tundu la chuchu hubaki wazi kwa muda, kama nusu saa, na sakafu ya banda haijawahi kuwa safi kiasi hicho.

Maziwa ya siku tano za mwanzo ni ya ndama, hayakwenda kwa mtu.

Oktoba mwanzoni

Damu ya ng'ombe wa nundu imejitokeza. Rihani anasimama vizuri, anacheua, hapigi, na bado anazuia maziwa. Napata kidogo kisha chuchu zinalegea na juu kiwele kimejaa. Ng'ombe wa Ulaya huridhika na kitambaa cha moto. Wenye damu yetu wengi wanataka kumhisi ndama. Kwa hiyo tumeacha ushindani. Ndama anatangulizwa anyonye kila chuchu kidogo mpaka povu litoke mdomoni, anafungwa mbele ya mama pale anapoweza kumlamba, mimi nafuta mate, nakamua, na mwisho anarudishwa amalizie. Wako wanaosema huo ni ushamba, ng'ombe wa maziwa hakamuliwi na ndama. Waje wamkamue wao.

Tangu tufanye hivyo maziwa yameshuka yote. Ni lita sita kwa siku kwa wastani mbali na ya ndama, na kwa chotara wa uzazi wa kwanza nimeridhika. Kilele huja wiki ya sita au ya nane. Mkahawa mmoja hapa Wete unachukua ya asubuhi. Ya jioni ni ya nyumbani, na kikombe kimoja kinavuka ua kwa mzee, ambaye huja kumtazama fahali wake mtarajiwa na kumpapasa kichwa. Nimemkataza kumchezea kwa kusukumana vichwa. Ndama anayezoea kusukumana na watu akiwa mdogo anaudhi akiwa na kilo mia tatu.

Oktoba, katikati

Limebaki jambo moja: Rihani ananijua mimi tu. Wiki iliyopita nilishikwa na homa, mume wangu akaenda na ndoo, akarudi na ndoo tupu na kandambili moja. Alivaa nguo za shambani zenye harufu ya karafuu, akatokea kushoto, na hakusema neno.

Tumeanza naye upya kama nilivyoanza mimi, ila kwa mkato, kwa kuwa mahali na saa ng'ombe anavijua. Anavaa shati langu kuukuu la bandani. Anakaa kwenye kigoda mimi nikikamua. Maneno kayakataa, anasema hawezi kumbembeleza ng'ombe majirani wakisikia, basi anapiga mluzi, daima ule ule, na Rihani ameshaanza kuugeuzia sikio. Jana kakamua chuchu mbili za mbele peke yake. Za nyuma bado namalizia mimi.

Daktari kasema joto la kwanza, yaani siku anapoanza kutaka dume tena, likionekana tuliandike tu, tusimhimilishe mpaka miezi miwili ipite tangu kuzaa. Nimeweka alama kwenye kalenda, mwishoni mwa Novemba.